Safari ya kwanza ya meli ya kitalii kwa wawili: mwongozo kamili kwa wanaoanzia Moshi na Arusha

Meli kubwa za kitalii hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam, na picha zake husambaa kwenye simu kila zinapokuja. Ila huwezi kwenda bandarini ukakata tiketi kama unavyokata ya boti ya Unguja. Abiria wale walipandia nchi nyingine na watashukia nchi nyingine. Mume na mke wa Moshi au Arusha wanaotaka kuonja safari hiyo kwa usiku mitatu au minne wanapaswa kuifuata meli inakoanzia, na pa karibu panapofaa ni Durban, Afrika Kusini.

Nianze na jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukishapanda meli, kazi imekwisha: chakula kipo, kitanda kimetandikwa, ratiba inawekwa chumbani. Safari za namna hii huharibikia nchi kavu, kwenye jina la pasipoti, kadi ya benki, au ndege iliyochelewa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mambo ya kabla ya kupanda.

Kwa nini Durban, na mwezi gani

Kampuni ya MSC Cruises imekuwa ikipeleka meli Durban katika msimu wa joto wa kusini, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili. Safari fupi huelekea kaskazini hadi pwani ya Msumbiji na kurudi. Vituo vinavyotumika sana ni Portuguese Island, kisiwa kidogo katika ghuba ya Maputo jirani na Inhaca, na Pomene, katika mkoa wa Inhambane. Zipo pia safari za kuzunguka baharini na kurudi bila kushuka popote. Hizo ni nafuu, lakini kwa mara ya kwanza chagueni yenye kituo angalau kimoja, maana siku ya pili mtatamani kukanyaga mchanga. Vituo na meli hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo angalieni ratiba ya mwaka mnaosafiri.

Faida kubwa ya Durban ni makaratasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kwa ziara fupi Afrika Kusini wala Msumbiji. Linganisha na Dubai, ambako kuna viza na safari nyingi ni za wiki nzima. Mediterania ina kitendawili chake: meli ikitoka Barcelona, ikapita Tunis na kurudi Ulaya, viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja haitoshi, kwa sababu mmetoka na kuingia tena.

Sasa mwezi. Msimu wa Durban unagongana na Disemba, na mtu wa Kilimanjaro anajua Disemba maana yake nini. Barabara ya kutoka Dar imejaa magari, ukoo unakusanyika mgombani, na mbuzi hawana amani. Ukimwambia mama mkwe kwamba Krismasi hii mtakuwa baharini, jiandae na kikao. Isitoshe, shule za Afrika Kusini nazo zimefungwa kuanzia katikati ya Disemba hadi Januari, hivyo bei hupanda na meli hujaa watoto. Ondoeni kipindi hicho kabisa.

Januari ya mwishoni na Februari bei hushuka, lakini ndio wakati wa vimbunga katika Mlango wa Msumbiji. Kimbunga Idai kilichoipiga Beira kilikuja Machi 2019. Meli haipiti katikati ya kimbunga. Nahodha hubadili njia, na mkataba mliousaini unampa haki hiyo bila kuwarudishia nauli. Kwa maoni yangu Novemba ndiyo bora. Mvua za vuli zinanyesha, watalii wamepungua, na ikiwa mmoja wenu anaongoza watalii Serengeti au anapandisha wageni mlimani, huo ndio wakati anaopumzika. Tatizo lake ni kwamba watoto bado wako shuleni, kwa hiyo bibi aje kulala nyumbani badala ya watoto kupelekwa kwake.

Pasipoti, majina na kadi ya njano

Anzeni na pasipoti miezi mitatu kabla. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha mnakwenda ofisi ya mkoa kwa picha na alama za vidole. Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza kutolewa 2018 ada yake ni shilingi 150,000 kwa mtu. Kama tayari mnazo, hakikisheni zina miezi sita ya uhai kuhesabu kuanzia siku ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Mtagongwa mihuri zaidi ya mnavyodhani, kwa kuwa meli inawatoa Afrika Kusini na kuwarudisha.

Kosa la maharusi ni jina. Bibi harusi ana pasipoti yenye jina la baba yake, lakini bwana harusi anapokata tiketi kwa furaha anamwandika kwa jina la ukoo wake mpya. Kwenye kaunta ya bandari anayetazamwa ni yule aliye kwenye pasipoti. Andikeni kila kitu, ndege, meli na bima, herufi kwa herufi kama pasipoti inavyosema, na mbebe nakala ya cheti cha ndoa. Majina matatu, kama yapo matatu, yaandikwe yote.

Kadi ya njano, yaani ya chanjo ya homa ya manjano, ibebeni hata kama rafiki yako alipita bila kuulizwa. Chanjo huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiifuate wiki ya safari. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote, na kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado ni halali. Wanaouza kadi bila sindano wanauza karatasi tu, na iko siku itamsumbua mtu kwenye mlango wa nchi ya watu.

Kwa wanaokwenda fungate au waliooana karibuni: kampuni za meli kwa kawaida hazimpokei mama ambaye mimba yake itakuwa imefika wiki 24 kabla safari haijaisha, na chini ya hapo huomba barua ya daktari. Hesabuni wiki hadi siku ya kushuka.

Kununua safari

Arusha ina kampuni za utalii kila kona, ila nyingi zimezoea kupokea wageni, si kupeleka Watanzania nje. Mnaweza kununua moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni ya meli, au kupitia wakala aliyewahi kuuza safari za meli. Wakala mzuri anajibu maswali bila kukasirika. Anatoa ankara yenye jina la kampuni, analipwa kwenye akaunti ya kampuni, na baada ya malipo ya awali anakupa namba ya uthibitisho ambayo unaweza kuiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli ukaona majina yenu na chumba. Akianza habari za "hiyo hela itume kwenye namba hii", mnajua hadithi hiyo inakoishia.

Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha wawili. Izidisheni mara mbili kwanza, kisha ulizeni mambo manne: je, ada za bandari zimo? Je, ada ya huduma ya kila siku imo, au italipwa melini? Mkiahirisha mnapoteza kiasi gani, na kuanzia tarehe ipi? Na bima? Bima si ya kuruka. NHIF haiwafuati baharini. Meli ina daktari na zahanati, lakini kumwona kunalipiwa papo hapo kwenye hesabu ya chumba, na mgonjwa mahututi akishushwa kwa helikopta au kupelekwa hospitali ya ugenini, bili yake inaweza kuuza kiwanja. Nunueni bima ya safari inayotaja safari ya meli waziwazi na kuhamishwa kwa mgonjwa.

Chumba

Kuna vya ndani visivyo na dirisha, vyenye dirisha, na vyenye roshani. Kwa usiku mitatu sioni sababu ya kulipia roshani. Mtakuwa chumbani kulala na kubadili nguo. Bahari iko bure kwenye sitaha. Chumba cha ndani ni giza tupu hata saa nne asubuhi, jambo ambalo mwenye watoto wadogo nyumbani ataliona kama zawadi. Lakini kama mmoja wenu hupata dhiki mahali palipofungwa, lipieni dirisha bila kubishana.

Mahali kilipo chumba ni muhimu kuliko aina yake. Meli huyumba zaidi kwenye ncha na juu, na huyumba kidogo katikati na chini. Ombeni chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, kisicho chini ya ukumbi wa muziki. Nafuu kuliko vyote ni ile bei ambayo kampuni ndiyo inawachagulia chumba. Mwenye tumbo jepesi asiichukue. Andikeni pia kwamba mnataka vitanda viunganishwe. Vyumba vingi vina vitanda viwili vidogo vinavyosogezwa, na mkinyamaza mnaweza kukuta vimetengana kama vya bweni la sekondari.

Hela za melini

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ndoa hutikisika.

Melini hakuna noti inayobadilishana mikono. Kila mtu hupewa kadi ambayo ni ufunguo wa chumba, kitambulisho na pochi kwa pamoja. Unachonunua kinaandikwa, na bili huja mwisho. Kadi hiyo lazima iungwe na kadi ya benki au iwekewe amana ya fedha taslimu. Watanzania wengi tuna kadi za akaunti ya kawaida, si za mkopo. Zinafanya kazi nyingi zikiwa za Visa au Mastercard, lakini kuna mambo mawili. Kwanza, nenda benki kabla ya kuondoka uhakikishe kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi na mtandaoni, na kiwango cha matumizi kwa siku kimepandishwa. Pili, meli huzuia kiasi cha fedha kwenye akaunti kama dhamana, na huenda ikazuia tena siku inayofuata. Fedha hiyo haijakatwa, ila huwezi kuitumia, na huachiwa siku kadhaa au wiki baada ya safari. Kwa hiyo msiunge kadi ya akaunti inayolipia ada ya shule Januari. Fungueni akaunti ya safari, iwekeni kiasi mlichokubaliana, na hiyo ndiyo iungwe. Au wekeni amana ya taslimu, ambayo ina faida ya kuwaonyesha mwisho wa pochi mapema.

Ulizeni pia bili ya melini inahesabiwa kwa fedha gani, randi au dola. Inategemea kampuni na msimu, na ni bora kubadili hesabu kichwani tangu siku ya kwanza.

Kilichomo kwenye nauli kwa kawaida ni chumba, milo ya mgahawa mkuu na bafe, maonyesho ya jioni na mabwawa ya kuogelea. Nje ya nauli ni soda, bia, mvinyo, migahawa ya pekee, masaji, picha, intaneti, kasino na matembezi ya kulipia. Ada ya huduma hutozwa kwa kila mtu kila siku, na wengi huiona siku ya mwisho wakadhani wameibiwa.

Vifurushi vya vinywaji vina mtego kwa wanandoa. Kampuni nyingi hudai kwamba mtu mzima mmoja chumbani akinunua, na mwenzake anunue. Baba anywe bia, mama anywe maji, na wote walipe sawa. Fanyeni hesabu ya kweli: ni vinywaji vingapi mtakunywa kwa siku? Kwa wanywaji wa kiasi, kulipia kimoja kimoja hutoka nafuu. Chai na maji ya bafe huwa bure.

Jambo la mwisho ni makubaliano. Kadi mbili zinaweza kula akaunti moja, na hapo ndipo utasikia, "Baba Neema, hii laki ya kasino ni yako?" Pangeni kiasi cha kila mmoja asichoulizwa, na kila jioni pitieni bili kwenye televisheni ya chumbani au mapokezi. Kosa la hesabu husahihishwa kirahisi siku ileile. Asubuhi ya kushuka kuna foleni hadi kwenye ngazi.

Kutoka KIA hadi gatini

KIA iko katikati yenu, kilomita 40 hivi kutoka Moshi na karibu 50 kutoka Arusha. Kutoka hapo mnaweza kupitia Dar es Salaam, Nairobi au Addis Ababa hadi Johannesburg, kisha ndege ya ndani ya saa moja hivi hadi uwanja wa King Shaka, ulio takribani kilomita 35 kaskazini mwa Durban. Wanaobana matumizi huchukua basi kutoka Johannesburg. Ni mwendo wa siku nzima kwenye barabara ya N3, na mimi nisingeuchagua kuelekea melini, labda kurudi.

Kanuni isiyovunjwa: mfike Durban siku moja kabla. Meli haisubiri ndege. Mkiunganisha ndege tatu na moja ikachelewa, hakuna wa kumlilia, na safari imekwenda na hela yake. Gharama ya usiku mmoja wa nyumba ya wageni ni ndogo mbele ya hiyo. Ikiwezekana ndege zote ziwe kwenye tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa shirika liwajibike kuwapandisha nyingine.

Johannesburg afisa wa uhamiaji anaweza kuuliza mnakwenda wapi, kwa siku ngapi, na mnarudi lini. Chapisheni tiketi ya kurudi, uthibitisho wa meli na wa hoteli, msitegemee simu yenye chaji ya mashaka. Jibuni kwa kifupi, mkisema jambo moja wote wawili.

Saa ya Afrika Kusini na Msumbiji iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Rekebisheni saa za mkononi mkitua, na mkiwa melini fuateni saa ya meli peke yake. Ratiba ikisema 16:00, ni saa kumi jioni ya meli, si ya simu iliyonasa mnara fulani.

Kufungasha

Pitieni mitumba. Soko la Memorial Moshi na Kilombero Arusha lina kila kinachohitajika kwa safari hii, kuanzia suti ya usiku wa nguo rasmi hadi nguo za kuogelea, kwa bei isiyoumiza. Usiku rasmi huwa mmoja kwenye safari fupi. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinakubalika na kitawafanya mpigwe picha na watu msiowajua. Chukueni kanga mbili na kikoi kwa ajili ya ufukweni, viatu vya wazi vinavyoweza kulowa, na koti jepesi. Upepo wa sitaha usiku si wa mzaha, ingawa kwa aliyezaliwa Marangu ni wa kawaida tu.

Pasi, jagi la umeme na hita ya maji vitachukuliwa mlangoni kwa sababu ya hatari ya moto. Pombe mnayobeba nayo huzuiwa, na chakula kibichi hakipiti. Mwenye kupenda pilipili abebe chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, maana chakula cha melini ni kingi na kizuri lakini kimepoa ulimini. Ugali msiutarajie. Nyama ya nguruwe ipo bafe, na hapa kwetu kitimoto kina mashabiki. Asiyekula amuulize mhudumu kuhusu kila sahani, siku zote wanajua.

Soketi za melini si za pini tatu bapa kama zetu. Chukueni adapta ya pini mbili za mviringo za Ulaya. Durban nako soketi ni za pini tatu nene za mviringo, kwa hiyo adapta yake mnaweza kuinunua palepale.

Pakieni mkoba mmoja wa mkononi kwa wote wawili. Masanduku huchukuliwa gatini na hufika chumbani jioni, pengine baada ya chakula. Ndani ya mkoba huo ziwemo pasipoti, kadi za njano, dawa zote, chaja, nguo za kuogelea na nguo moja ya kubadilisha.

Dawa ya mbu msiisahau. Pwani ya Msumbiji ina malaria, na waliokulia Rombo, Machame au Ngaramtoni hawana kinga ya watu wa pwani. Muulizeni daktari kuhusu vidonge vya kinga kabla ya safari, na homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi ipimwe mara moja.

Siku ya kupanda

Jisajilini mtandaoni mapema, chapisheni lebo za mizigo na tiketi. Tiketi ina saa yenu ya kufika. Msiende alfajiri kukaa kwenye jua wala dakika za mwisho, maana kaunta hufungwa muda mrefu kabla ya meli kung'oa nanga. Mizigo inachukuliwa, mnapita ukaguzi, uhamiaji, mnapigwa picha, mnapewa kadi.

Mkiingia, chumba huenda hakijawa tayari. Nendeni mkale, lakini kabla ya bwawa na muziki tafuteni kituo chenu cha kukusanyika wakati wa dharura. Herufi yake imeandikwa kwenye kadi au nyuma ya mlango. Zoezi la usalama ni la lazima, na ishara yake ni honi saba fupi na moja ndefu. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na mamia ya abiria waliokuwa wamepanda jioni ileile hawakuwa wamefanya zoezi. Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Jaketi za kuokolea ziko chumbani. Zivaeni mara moja, kila mmoja amfungie mwenzake, mjue kamba inapopita.

Nalisema hili kwa urefu kwa sababu hofu ya maji kwetu ina majina: MV Bukoba, 21 Mei 1996, Spice Islander, 2011, MV Nyerere, 2018. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa kuambiwa "acha woga". Kinachosaidia ni kuona tofauti kwa macho. MV Nyerere ilibeba watu kupita uwezo wake. Huku kila anayepanda na kushuka anapitishwa kwa kadi, na idadi inajulikana. Mwenye wasiwasi apelekwe kuangalia boti za kuokolea zilivyopangwa ubavuni, ahesabu mwenyewe.

Kama hamjawahi kupanda chombo chochote, jaribuni kwanza boti ya Dar kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi. Inarusha kuliko meli kubwa yenye mapezi ya kuzuia kuyumba, kwa hiyo ukiimudu hiyo, Durban utaimudu. Na ambaye hajui kuogelea asiingie bwawa la melini akidhani kuna mwokoaji. Mara nyingi hayupo. Mabwawa ya hoteli za Moshi na Arusha yapo kwa kujifunza miezi miwili kabla. Chemchemi ya Chemka ni pazuri kwa kuzoea maji, ila kina chake si cha mwanafunzi, ashike kamba.

Bahari ikichafuka

Mkondo wa Agulhas hushuka kusini kwa nguvu kando ya pwani ya Durban. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma kinyume chake, mawimbi husimama. Usiku wa kwanza ndio wa kujipima. Dawa ya kichefuchefu hunywewa kabla ya kuanza kuyumba, si baada ya kutapika. Ulizeni mfamasia hapa nyumbani kuhusu cinnarizine au promethazine, na mmweleze dawa nyingine mnazotumia, shinikizo la damu hasa. Promethazine inaleta usingizi mzito, na pombe juu yake ni hatari. Tangawizi husaidia wengine. Kuleni kidogo kidogo, msilale na njaa. Ukizidiwa, toka nje katikati ya meli, tazama upeo wa bahari na uache simu. Mwenzako asikucheke.

Siku za humo ndani

Watu wawili waliozoea kuonana jioni baada ya kazi wataonana saa ishirini na nne. Msijilazimishe kufanya kila kitu pamoja. Mmoja alale, mwingine aende kwenye muziki, mkubaliane mahali na saa ya kukutana, kwa sababu simu hazitasaidia. Mtandao wa simu wa baharini ni ghali mno. Wekeni simu katika hali ya ndege kabla meli haijaondoka gatini, na kama kazi inawalazimu, nunueni kifurushi cha intaneti cha meli kwa simu moja. Mwambieni bibi na watoto mapema kwamba kutakuwa kimya, na mwachieni namba ya dharura ya kampuni ya meli.

Chakula cha jioni mgahawani huwa na zamu ya mapema na ya baadaye, na mnaweza kuwekwa meza moja na wageni. Mkitaka meza ya wawili, mwone msimamizi wa mgahawa siku ya kwanza mchana, si saa ya kula.

Siku ya kisiwani, meli hutia nanga mbali na boti ndogo huwapeleka ufukweni. Wahini zamu za mwanzo. Mawimbi yakipanda, ushushaji husimamishwa, na waliochelewa hubaki kutazama kisiwa kwa mbali. Kadi ya meli mkononi, maji ya kunywa, kofia, na mjue boti ya mwisho ni saa ngapi. Ngozi nyeusi nayo huungua. Pakeni mafuta ya jua.

Kushuka

Jioni ya mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango yakiwa na lebo, yakachukuliwa usiku. Bakizeni nguo za kuvaa asubuhi na pasipoti. Kila msimu kuna mtu anayeshuka na suruali ya kulalia. Bili ipitiwe usiku huo, amana ya taslimu iliyobaki idaiwe kabla ya kushuka, na risiti itunzwe.

Meli hufika asubuhi, lakini uhamiaji na mizigo huchukua muda. Msikate ndege ya kuondoka King Shaka kabla ya saa saba mchana, na kama inaunganisha kwenda nje ya nchi, saa tisa ni salama zaidi. Mkifika nyumbani, angalieni akaunti ya safari mara moja kwa wiki hadi zuio la meli liachiwe. Likipita mwezi mzima, pelekeni risiti benki na kuomba waliondoe. Msifunge akaunti kabla ya hapo.